Mawe ya Mwamikazi

Mimi sipendi nyoka. Niseme hivyo kwanza, maana watu wa Goma wana midomo, na wakisikia Perpétue anahadisia habari za nyoka watasema: aha, tulijua, yule mama ni mulozi. Mulozi ni nyanya yenu! Mimi niliolewa na Mirindi, na kazi ya Mirindi ilikuwa kulisha nyoka, basi. Bibi wa muvuvi ananuka samaki. Mimi nilinuka nyoka miaka tisa, na siku ya soko pale Birere wamama walivuta vikapu vyao nikipita, kama vile nyoka wenyewe wako ndani ya kitenge changu.

Mirindi alitoka Masisi, kule milimani, mutoto wa wachungaji wa ngombe. Alipokuwa kijana, dada yake mudogo alikanyaga mpiri kwenye majani akifuata ndama. Mpiri ni yule nyoka munene, mufupi, muvivu wa kukimbia lakini si muvivu wa kuuma. Walimubeba yule mutoto kwenye machela kushuka kilima, na kabla ya kufika barabara alikuwa amekwisha. Mutu mwingine angechukia nyoka maisha yake yote. Mirindi hapana. Alishuka Goma kuuliza kama kweli wazungu wana dawa ya mpiri, na muzungu aliyemujibu ndiye aliyemupa kazi.

Yule muzungu aliitwa Hendrickx. Alikuwa na parseli kwenye njia ya Kituku, ukuta wa mawe ya volkano, nyumba ya mbao, kibanda chetu sisi pembeni, na nyuma ya nyumba masanduku kumi na mawili yenye wavu wa waya. Kila sanduku nyoka mumoja. Swila watano wenye kutema mate, mpiri sita. Mirindi alikuwa anamushika nyoka nyuma ya kichwa, anamufanya aume mudomo wa glasi iliyofungwa kitambaa cha mpira, sumu inadondoka, inakaushwa, inapelekwa Ulaya kwa ndege kutengeneza dawa. Muzungu alijua vitabu. Mwenye kujua nyoka alikuwa Mirindi. Alikuwa anapita asubuhi anawaangalia tu, halafu anasema huyu ana kiu, huyu atabadilisha ngozi, yule ana hasira leo tumuache. Kwangu mimi hakuwahi kuona kama nina hasira mpaka sufuria iruke.

Sanduku la kumi na mbili lilikuwa la Mwamikazi.

Huyu, Mirindi alimupata njiani pale Kalengera, siku moja mvua imekatika, gari imesimama kwa matope. Watu walikuwa wamemuzunguka na majembe. Mirindi akaruka chini akaingia katikati yao, akamubeba kwa mikono mitupu. Wote wakapiga kelele. Nyoka hakuuma. Alitoa tu harufu yake, harufu mubaya sana, na akaficha kichwa chini ya mukono wa Mirindi kama kuku. Alipofika naye nyumbani nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema: "Mama Béata, angalia mugongo wake." Béata ndiye mutoto wetu, na wakati ule alikuwa bado anatambaa.

Niliangalia kwa mbali. Nyoka wengine ni wa mviringo kama kamba. Huyu mugongo wake ulisimama juu kama paa la nyumba, pande mbili zinateremka, na pale juu kabisa musitari mweupe kutoka shingo mpaka mukia. Magamba yake hayakukaribiana. Katikati yao ngozi ilionekana, nyekundu kidogo, kama ufizi wa mutoto asiye na meno. Mubaya! Lakini Mirindi alikuwa anachekelea kama mutu aliyezaliwa upya.

"Huyu hana sumu," akasema. "Huyu anakula nyoka. Anakula swila, anakula mpiri. Wanamuuma, sumu haimufanyi kitu. Anawameza kuanzia kichwa."

"Na sisi je?"

"Sisi hatuna ladha."

Halafu akaacha kucheka. Akasema tangu dada yake afe alikuwa anajiuliza kama Mungu aliumba mpiri bila kuumba wa kumukula. "Kumbe yuko," akasema. "Angekuwa kwenye majani yale siku ile." Akamuita Mwamikazi, maana bibi wa mwami, wa mufalme, anakula kwanza na hakuna wa kumuuliza. Muzungu Hendrickx akanung'unika, nyoka bila sumu wa nini, lakini akamuachia sanduku. Chakula chake hakikuwa shida. Nyoka wa kukamuliwa hawaishi sana. Kila baada ya majuma mawili, matatu, mumoja anakufa, Mirindi anamutia kwenye frigo ya petroli, na zamu ya Mwamikazi ikifika anamutoa. Halafu anakwenda porini kutega mwingine.

Sasa sikiliza vita ilipoanzia. Goma si Kinshasa. Volkano iko pale juu inawaka, lakini sisi huku chini tunatetemeka, na mvua ya Novemba inaingia mpaka kwenye mifupa. Nyoka aliyeshiba anahitaji joto. Bila joto chakula kinalala tumboni kama jiwe, kinaoza. Basi Mirindi alichagua mawe manne ya volkano, yale yenye matundu mengi, ukubwa wa mukate. Anayaweka kwenye moto wangu. Moto wangu! Mimi napika sombe, majani ya muhogo, yeye anasukuma sufuria pembeni ili mawe ya nyoka yapate makaa. Yakishika moto anayafunga kwa gunia, anayaweka chini ya sanduku, upande mumoja tu, ili nyoka achague mwenyewe kama anataka joto ao baridi. Asubuhi mara moja, jioni mara moja.

"Papa Béata," nilimuambia siku moja, "mutoto wako ana kikohozi. Yeye pia umufungie jiwe."

Akamufungia. Kweli, alimufungia Béata jiwe kwa gunia akamuwekea kwenye miguu, na kikohozi kikapungua. Nilikasirika zaidi.

Niseme ukweli, nilifunzwa bila kutaka. Nilijua macho yake yakiwa meupe kama maziwa, yule hajakuwa kipofu, anakaribia kuvua ngozi, na hapo humupi chakula wala humugusi, unamuwekea tu bakuli kubwa la maji alale ndani. Nilijua anatoka jioni na anajificha muchana. Nilijua akishakula hashikwi. Hilo Mirindi alilisema kama sala: akishakula hashikwi, atatapika, na kwa vile amemeza kitu kikubwa, kukirudisha kunamupasua koo. Na nilijua la mwisho, kwamba Mwamikazi hakai na mwenzake. Nyoka yeyote utakayemuweka naye ni chakula, mapema ao baadaye.

Basi tukafika mwisho wa mwaka wa 1973. Wakubwa wakasema mali ya wageni sasa ni ya wananchi. Vizuri! Nani angekataa? Sisi tulidhani parseli itapewa Mirindi, maana ni nani mwingine aliyeweza kushika swila? Aka! Muzungu Hendrickx alifunga mizigo yake, akamushika Mirindi mukono, akalia, akaenda. Juma lililofuata akaingia Modeste na karatasi yenye muhuri.

Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo na yeye alikuwa amejipa jina jipya, refu, la chui na mikuki na sijui nini. Mimi sikulitamka hata siku moja, na leo pia silitamki. Kwangu alibaki Modeste, yule niliyemujua akipanga chupa nyuma ya baa, akilamba zile zilizobaki. Sasa alikuja na abacost nyeusi, lile koti la wakubwa lisilo na tai, na viatu vya kung'aa, tumbo likatangulia, yeye akafuata. Hakujua nyoka anakula nini. Alimuuliza Mirindi kama wanakula mahindi.

Alitembea mbele ya masanduku, mikono nyuma. Alipofika kwa Mwamikazi akauliza: "Huyu anatoa sumu ngapi?"

"Huyu hana sumu, citoyen." Siku zile "bwana" ilikatazwa, kila mutu aliitwa citoyen, mwananchi.

"Sasa anafanya kazi gani?"

Mirindi akaweka mukono juu ya sanduku.

"Katika Zaïre hii asiyefanya kazi hali. Muue."

Hapo ndipo bwana yangu, mutu mupole, alipofanya kosa lake la kwanza. Alifungua sanduku haraka, akamutoa Mwamikazi, akamuweka shingoni mwake. "Citoyen, angalia! Haumi. Mutu yeyote anaweza kumushika. Wageni wakija, wewe mwenyewe utamushika, watu waone." Alisema hivyo kumuokoa tu. Nilimuona Modeste anavyoangalia. Nilimuona anavyojiona tayari na nyoka shingoni mbele ya watu. Nikajua tumeumia.

Alinyamaza miezi, anakula mali, anauza kile, anauza hiki. Halafu Novemba ya 1974 ikatoka habari kwamba wakubwa wa chama watapita Goma kwa sikukuu ya chama ya tarehe ishirini na nne, ambayo mwaka ule iliangukia siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, na watapelekwa kuona kazi za wananchi. Modeste akachangamka. Akaita watu wachimbe shimo nyuma ya nyumba, shimo pana, wakajenga ukuta wa mawe pembeni wa kufika kiunoni. Mirindi akauliza shimo ni la nini.

"La nyoka. Wote pamoja."

"Citoyen, haiwezekani."

"Juu ya nini? Nani aliwatenga hawa? Si Mubelgiji? Kila mumoja na sanduku lake, kila mumoja na wavu wake! Alitufanya hivyo hivyo sisi, huyu huku, yule kule. Hiyo ni ukoloni. Zaïre ni nyumba moja. Nataka wageni waone nyoka kumi na wawili wamelala pamoja kama ndugu, halafu nitaingiza mukono nimutoe yule wako, nimuinue juu."

Haki ya Mungu, alisema hivyo, na wachimbaji wakapiga makofi.

"Citoyen," Mirindi akasema polepole, "Mwamikazi akikaa na wengine atawakula."

"Basi umufundishe."

Na akaongeza, kidole kimenyooka: "Siku hiyo nitahesabu mbele ya watu. Akipungua hata mumoja, nitamuchuna huyu wako nifanye mukanda. Na wewe utajieleza kwa watu wa usalama juu ya nini unaharibu sikukuu ya chama."

Mirindi hakula chakula cha jioni. Nikamuambia, "Muache afe, ni nyoka!" Asubuhi yake akawa amepata njia. Nyoka aliyeshiba hawindi. Mwamikazi akipewa nyoka munene, atakaa majuma mawili bila kumuangalia mwingine. Lakini asipewe siku ile ile, maana Modeste atamushika. Apewe siku ya tatu, ndiyo Jumatano, siku nne kabla ya sikukuu, awekewe mawe asubuhi na jioni, na siku ya Mungu tumbo litakuwa limetulia. Hatamukula mwenzake na hatatapika. Ilikuwa mipango ya mutu anayejua kazi yake. Nilimuheshimu, ingawa sikumuambia.

Modeste akaja kuharibu. Siku ya pili, Jumanne asubuhi, akamutuma Mirindi Vitshumbi, kule kwenye ziwa Edward, alete samaki wa karamu. Eti samaki wa Kituku ni wadogo. Kwenda na kurudi na lori ya dereva Musafiri, na njia ile, na mvua ile, atarudi siku yenyewe ya sikukuu. Mirindi akanishika mikono yote miwili. Tangu harusi hakuwa amenishika hivyo.

"Mama Béata, ni wewe sasa. Kesho, siku ya tatu, toa ile mpiri iliyokufa kwenye frigo. Iweke kwenye maji ya vuguvugu mpaka baridi itoke. Mupe. Atakula mwenyewe, usimusaidie. Halafu mawe, asubuhi na jioni. Usichelewe hata siku moja. Ukichelewa, akishikwa atatapika, na atakufa kwa koo, ao kwa mukono wa yule mujinga."

"Nimesikia."

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno, kama katekisimu. Akapanda lori.

Siku ya tatu nikafanya kama alivyosema. Nilitoa mpiri, nikaiweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Mawe yalikuwa motoni. Pembeni yake sombe yangu inachemka. Ndipo Modeste akaingia. Hakubisha hodi. Alikanyaga mukeka wangu na viatu, akafunua sufuria yangu, akatia kidole. Kidole! Ndani ya sombe ya watu! Akalamba, akatema mate pale pale karibu na moto.

"Kumbe ndiyo maana Mirindi anapenda nyoka," akasema. "Chakula chao kina harufu nzuri kuliko hiki."

Halafu akapangusa kile kidole juu ya kichwa cha Béata, akamuambia siku ya sikukuu avae vizuri asiaibishe mahali, akatoka.

Béata alikuwa na miaka sita. Alibaki amesimama, majani ya sombe kwenye nywele zake.

Mimi nina hasira, kila mutu Goma anajua. Lakini hasira yangu ni ya kupasua sahani, inapita. Ile siku ilikuwa tofauti. Ilikaa chini. Ilikunywa maji. Niliangalia ile mpiri kwenye bakuli na nikasikia maneno ya Mirindi: akishikwa atatapika. Nikaona abacost nyeusi. Nikaona viatu vya kung'aa, na wakubwa wote wamesimama kwenye ukuta wanaangalia.

Nikaitoa mpiri kwenye maji, nikaipangusa, nikairudisha kwenye frigo.

Siku ya nne nikapita mbele ya sanduku. Mwamikazi alitoa ulimi. Nilimuambia, ngoja. Siku ya tano hivyo hivyo. Nilikuwa na muda wa kubadilisha roho, usidhani sikuwa nao. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, nilifungua mulango wa frigo mara mbili, na mara mbili nikaufunga.

Siku ya Mungu, kabla ya saa tatu ya asubuhi, wakati wamama wengine wanafundishwa nyimbo za chama barabarani, nikamupa Mwamikazi ile mpiri. Nilidhani nitageuza uso. Sikugeuza. Alikuja polepole, hana haraka ya kitu, akaigusa mpiri yote na ulimi kutoka mukia mpaka kichwa, kama mama anayechagua kitambaa sokoni. Akaanza na kichwa. Taya zake zikafunguka, zikatembea, upande huu, upande ule. Ngozi ikavutika, magamba yakaachana, ule wekundu wake ukaonekana wote. Ilichukua karibu saa nzima. Alipomaliza alipiga mwayo, akanyoosha taya, akajilaza. Na mimi, niseme, nilimuona muzuri. Siku ile tu.

Mawe sikuweka. Nilikuwa na haraka ya kuvaa.

Wageni walifika saa sita. Modeste alikuwa amewalipa vijana wawili wenye fimbo ndefu kuwahamisha nyoka, na nyoka wote walikuwa shimoni, swila wamesimama wanatema mate kwenye ukuta, mpiri wamejikunja kwenye pembe, na Mwamikazi katikati, muzito, tumbo limesimama. Modeste akahesabu kwa sauti kubwa. Kumi na wawili! Makofi. Akatoa hotuba. Akasema mukoloni alitutenga, leo tuko pamoja, hata wanyama wa porini wanafahamu. Makofi. Halafu akaegemea ukuta, akamushika Mwamikazi tumboni, akamuinua, akamuweka shingoni.

Mwamikazi alichelewa kidogo. Nilianza kudhani hatatapika. Halafu nikaona shingo yake inavimba.

Yesu wangu! Ilitoka kwanza mukia, halafu mwili, mpiri nzima, inateleza na ute, ikateremka kwenye kifua cha ile abacost, ikaning'inia kwenye vifungo, ikaanguka kwenye viatu. Na harufu. Wakubwa wa chama walirudi nyuma kama mutu mumoja. Mama mumoja akaanguka juu ya ngoma. Kutoka nyuma, kwenye watu wa kartie, majirani zetu, sauti moja ikasema: "Kumbe umoja ndio huo, mumoja amemeza mwenzake!" Watu wakapasuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, nikamushika Béata nikamuambia angalia, angalia vizuri.

Nilikuwa bado nacheka Modeste alipomutupa Mwamikazi kwenye ukuta wa mawe.

Mawe ya volkano unayajua, yanakata kama wembe. Alimutupa mara moja, akamuokota kwa mukia, akamutupa tena, halafu akamukanyaga kichwa kwa kisigino. Wageni walikuwa wanakimbilia magari. Na kwenye mulango wa parseli, anapita katikati ya wale wanaotoka, Mirindi, na kikapu cha samaki begani, matope ya Rutshuru mpaka kwenye magoti.

Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini polepole, kama samaki ni mayai. Alimusukuma Modeste pembeni kwa bega, tu hivyo, na Modeste akasogea. Akapiga magoti. Mwamikazi alikuwa anaendelea kujikunja, maana nyoka anachelewa kujua kwamba amekufa. Mirindi akamuweka kwenye magoti yake mpaka akatulia. Halafu akaangalia ile mpiri iliyolala chini. Akaigusa kwa kidole. Ilikuwa nzima, magamba yake yote, hakuna mahali tumbo limeigusa.

Akaniangalia.

"Ulimupa siku ya tatu?"

Kicheko kilikuwa bado hakijakauka usoni mwangu.

"Ndiyo," nikasema.

"Na mawe? Asubuhi na jioni?"

"Niliweka."

Akafikiri. Nilimuona anafikiri, macho yamefungwa kidogo, kama alivyofanya mbele ya masanduku. Nilingoja aseme Perpétue, unasema uongo. Ningemuambia yote pale pale, naapa.

"Basi hayakuwa na moto wa kutosha," akasema. "Mvua ilikuwa mingi. Nilipaswa kukuambia uyaache mpaka yawe mekundu. Kosa ni langu, Mama Béata, sikukuonyesha vizuri."

Siku ile ile tulifukuzwa kwenye parseli. Watu wa usalama walimuweka Mirindi ndani siku nne, wakamuacha, maana hakuna aliyetaka kuandika kwenye karatasi kitu kilichotokea. Modeste alibaki na nyoka wake kumi na mumoja shimoni kwenye mvua, na hadi Pasaka hapakubaki hata mumoja. Aliuza frigo, akauza mbao, akauza mabati. Sijui leo yuko wapi. Nasikia ni mugonjwa. Vizuri.

Mwamikazi alizikwa nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, pale tulipohamia. Goma huchimbi kaburi, unalivunja. Mirindi alipiga ule mwamba kwa pioche kutoka asubuhi mpaka jua la saa kumi, kwa ajili ya nyoka, na watu wa kartie wamesimama kwenye ua wanasema sasa tumeona ulozi na macho yetu. Nilitoka na mwiko nikawatukana mpaka kizazi cha nne. Nilikuwa nahitaji kumutukana mutu.

Mirindi hakufuga tena. Alibeba mizigo ya samaki pale Kituku miaka kumi na miwili. Nyoka akionekana kwenye ukuta wa mutu walikuja kumuita, hao hao waliotusema, na yeye alikwenda, akamutoa, akamupeleka mbali. Lakini yale mawe manne alihama nayo. Nilipikia juu yake. Na siku za mvua alikuwa anakaa pale motoni, anayageuza na kijiti, anasema peke yake: "Labda ilihitaji nusu saa zaidi." Miaka kumi na miwili! Mara ngapi nilifungua mudomo. Nasema: "Papa Béata." Anasema: "Nini?" Nasema: "Kesho tununue chumvi."

Mwaka jana alipata ugonjwa wa kifua. Mwishoni miguu yake haikupata joto tena, hata tukiweka blanketi tatu. Akaomba mawe. Niliyaweka motoni, sikuyatoa mpaka yakawa mekundu, nikayafunga kwa gunia, upande mumoja tu, ili achague mwenyewe. Alisogeza miguu yake, akayapata, akafumba macho.

"Hivi ndivyo," akasema. "Unaona? Ule wakati yalikuwa baridi."

"Ndiyo," nikamuambia. "Yalikuwa baridi."